Chuma cha kuvutia tela
Chuma kinachofungwa kwa bolti kwenye chasisi, chini ya bampa la nyuma, ili gari dogo livute tela. Kukichomelea kwenye bampa pekee ni uzembe, hasa katika barabara ya TANZAM: kwenye Mlima Kitonga, Iringa, au mteremko wa Iwambi, Mbeya, tela lisilo na breki husukuma gari. Kichwa cha mviringo cha chuma hicho huwa na kipenyo cha milimita 50.

Kazi ya nyaya za taa za tela ndiyo hulipuliwa zaidi. Katika plagi ya kawaida ya pini 7, volti 12, njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeupe ethi. Ethi ikilegea, kukanyaga breki kunaweza kuchezesha hata indiketa.