Amri za Madirisha na Urithi wa Vidole

Ekegusii, lugha ya wenyeji wa Kenyenya na sehemu nyingine za Kisii na Nyamira, ina irabu saba, lakini katika maandishi yake ya kawaida hutumia herufi tano tu za irabu. Kwa hiyo mwandishi wa huko, aandikapo Ekegusii au Kiswahili, hakosi herufi yoyote katika kibodi ya Kiingereza. Tatizo lake huanza anapoiamuru kompyuta, kwani herufi za amri nyingi zimetokana na maneno ya Kiingereza. Historia ya kihariri kimoja cha matini yatosha kulifafanua tatizo hili.

Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Bill Joy alianza kutunga kihariri cha vi. Mashine aliyoitumia, ADM-3A, haikuwa na vibonye vya pekee vya mishale. Mishale ilichorwa juu ya h, j, k na l. Herufi hizo zikawa amri za kusogeza kiashirio. Mashine ilipitwa na wakati, amri zikabaki.

Bram Moolenaar, Mholanzi, alizirithi amri hizo katika Vim, aliyoitoa kwa umma mwaka 1991. Toleo la 3.0 la mwaka 1994 liliruhusu madirisha mengi kwa pamoja. Sehemu kubwa ya mwaka huo mwenyewe alikuwa Kibaale, kusini mwa Uganda, akifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Baadaye akawaomba watumiaji wa Vim wawachangie watoto hao.

Amri za madirisha zilikusanywa nyuma ya Ctrl-W: ikifuatwa na s, dirisha hugawanywa juu na chini, na v, kushoto na kulia, na c, hufungwa. Mpango huu ni wa busara, kwa kuwa kibonye kimoja hufungua mlango wa amri nyingi. Lakini katika vivinjari vingi Ctrl-W hufunga ukurasa, na kidole kilichozoea huku hupoteza kazi kule.

Chaguo-msingi, yaani hali ambayo programu huanza nayo, lilikuwa gumu zaidi kurekebisha. Kwa miaka mingi Vim isiyo na faili la mapendeleo ya mtumiaji iliiga vi ya kale. Toleo la 8.0 la mwaka 2016 lilileta chaguo-msingi bora, lakini kwa wale tu wasio na faili hilo. Wageni walipata nafuu, wenyeji hawakubughudhiwa.

Kanuni hiyo yawahusu wanaoswahilisha programu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kwamba majina ya amri yanaweza kusemwa kwa Kiswahili. Je, vibonye navyo vibadilike? Katika Word ya Kihispania, kuhifadhi ni Ctrl+G, kutokana na neno la Kihispania. Kiswahili kingeweza kudai H ya "hifadhi". Hata hivyo, mwanafunzi anayehama kutoka kompyuta moja hadi nyingine angelazimika kujifunza mara mbili. Afadhali majina yaswahilishwe, vibonye vya kawaida vibaki, na atakaye kuvibadili aachiwe nafasi; maana watumiaji wengi hawabadili kitu, na aliyewachagulia mwanzoni ndiye aliyewaamulia.