Dawa za Siri: Chupani Mlikuwa na Nini?

Leo turudi nyuma miaka mia moja na zaidi.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Bidhaa za ng'ambo zikapanda nayo kutoka Mombasa hadi maduka ya Indian Bazaar, mtaa tunaouita leo Biashara Street. Enzi hizo Uingereza na makoloni yake yalijaa dawa za siri. Ziliuzwa bila cheti cha daktari, na mtengenezaji hakulazimika kusema amechanganya nini.

Chukua mfano wa vidonge vya Beecham's, vilivyosifiwa kwa magonjwa mengi. Mwaka 1909 Chama cha Madaktari cha Uingereza kilitangaza matokeo ya kuvipima. Mlikuwa na nini? Shubiri, tangawizi na sabuni! Bei yake ilizidi gharama ya viungo hivyo zaidi ya mara 100. Shubiri huharisha. Mgonjwa aliona tumbo limefunguka, akaamini ugonjwa umetoka.

Kulikuwa na hatari zaidi ya hiyo. Mrs. Winslow's Soothing Syrup, dawa ya watoto wanaoota meno, ilikuwa na mofini, inayotokana na afyuni. Mtoto alinyamaza, mama akashukuru, kumbe mtoto amelewa. Wengine hawakuamka tena. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1906 kwamba dawa kama hiyo itajwe kwenye lebo.

Eno nayo ni ya enzi zile, na bado iko madukani. Lakini leo viungo vyake vimeandikwa. Mwenye presha akisoma ataona ina sodiamu, na atamuuliza daktari kwanza.

Hapa Kenya, Sheria ya Dawa na Sumu ilianza kutumika mwaka 1957, na Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo husajili dawa. Hata hivyo, ukishuka matatu Kangemi au Kawangware, unaweza kukutana na chupa isiyo na lebo, inayodaiwa kutibu sukari, presha, viungo na nguvu za kiume, yote kwa pamoja.

Kabla hujatoa pesa, uliza: Ndani mna nini? Nani ametengeneza? Imesajiliwa? Ukikosa jibu, iache. Na usiache dawa za kliniki kwa ajili ya chupa hiyo.