Duara la Ngoma na Vijana Wenye Ulemavu

Kinole imekaa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, katika nchi ya Kiroka na Mkuyuni, mahali ambapo mawingu yatokayo Bahari ya Hindi hukwama mlimani na kumwaga maji. Ni nchi ya migomba, mananasi, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Jina lake limeshikamana na jina la Kingalu, mkuu wa ukoo na mwombaji wa mvua, ambaye watu wa mabondeni walimpandia mlima na zawadi ukame ulipowakaba. Utawala wa machifu ulifutwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1963, lakini jina la Kingalu halikufutika midomoni mwa Waluguru.

Hayo ni mashuhuri. Lisilosemwa sana ni jambo la mteremko. Nyumba za Uluguru zimetawanyika mbavuni mwa mlima, na njia nyingi ziendazo kwao ni za mguu, tena ni za utelezi wakati wa masika. Kijana mwenye miguu mizima hushuka gulioni asubuhi na kupanda jioni. Kijana ambaye miguu yake haimtii hubaki kibarazani, kwa maana kiti cha magurudumu hufika mwisho wa barabara ya gari na kukomea hapo. Sauti ya ngoma, walakini, haina haja ya njia. Hulivuka bonde ikamfikia aliyeketi kibarazani kama iwafikiavyo wenziwe walio karibu na uwanja. Lakini kusikia ngoma ni jambo moja, na kuwa na mahali katika duara la wapigaji ni jambo jingine; na historia ya vijana wenye ulemavu katika muziki wa nchi hii ni historia ya umbali uliopo baina ya mambo hayo mawili.

Ngoma katika nchi hizi, pwani na bara, aghalabu haiundwi na chombo kimoja. Vumi hupigwa kwa nadra na kwa uzito. Chapuo hukimbia bila kupumzika. Msondo husema juu yao. Manyanga hutikiswa, upatu hugongwa, njuga hufungwa mguuni, na asiye na chombo ana makofi na kiitikio. Waluguru wanayo pia mbeta, ngoma ya filimbi, ambamo filimbi kadhaa hujibizana, kila moja mikononi mwa mpigaji wake, hata wimbo ukawa mali ya wote, wala hapana mmoja awezaye kwenda nao nyumbani peke yake.

Mgawanyo huo wa kazi una maana kubwa kwa mtu ambaye mwili wake umepungukiwa. Mkono mmoja watosha manyanga. Mkono utetemekao bila hiari hauwezi chapuo, lakini njuga zilizofungwa kifundoni mwake hazimlaumu kwa kutetemeka. Mzito wa kufahamu, ambaye hesabu ya mapigo ya haraka humpotea, aweza kupewa vumi lijalo mara moja katika mzunguko; jirani yake humtazama machoni, humpa ishara ya kichwa, naye hupiga. Kiziwi huweka kiganja juu ya mzinga wa ngoma, au unyayo mtupu juu ya ardhi, akapata mtetemo wa pigo kubwa. Mwenye kigugumizi, ambaye neno humkwama kooni katika mazungumzo, mara nyingi huimba neno lilo hilo bila kikwazo, kwa kuwa sauti na pigo humchukua. Tena kiitikio kina subira ambayo darasa halina: aliyekosa zamu hii hungoja kidogo, wimbo ukarudi, akaipata zamu ijayo bila ya kuaibishwa na mtu. Ikiulizwa faida ya yote hayo kwa kijana ni nini, jibu la kwanza si kwamba amefurahishwa. Faida ni kwamba pigo lake likikosekana, pengo husikika, na wenziwe hugeuka kumtafuta.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wazee wa zamani walikuwa malaika. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto aliyezaliwa na ulemavu alifichwa chumbani, ama kwa haya ama kwa hofu ya maneno ya majirani. Jando na unyago, ambamo nyimbo na ngoma ndizo zilizokuwa somo lenyewe, ziliweza kumpita. Aliyepitwa nazo hakupoteza karamu tu. Alizikosa nyimbo ambazo rika lake lilifundishwa, na tangu siku hiyo wenziwe walikuwa na maneno ambayo yeye hakuyaelewa. Duara lilikuwapo, lakini mlango wake haukuwa wazi kwa kila mtu.

Mlango mwingine ulifunguliwa na misheni. Shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika ilianzishwa na Kanisa la Anglikana huko Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka 1950. Na ya kwanza ya viziwi ilianzishwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963. Buigiri imo katika Ugogo, nchi ya watu wanaosifika kwa kuimba kwa sauti nyingi zilizopatana, na kwa marimba ya mkononi na zeze. Mahali pema kwa mtoto ambaye sikio ndilo jicho lake. Shule hizo zilileta maandishi ya nukta na ujuzi wa kazi za mikono, na thamani yake haikadiriki. Kasoro yake ilikuwa moja, na haikuwa ya makusudi: mtoto asiyeona alijifunza na kuimba pamoja na wasioona. Aliporudi kwao wakati wa likizo, aliwakuta vijana wa kijiji hawajawahi kuimba naye.

Kisha likaja jukwaa. Desemba 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili ngoma zilizokuwa zimedharauliwa na elimu ya kikoloni zirudishiwe heshima. Heshima hiyo ilistahili. Lakini jukwaa lina desturi zake: lina mbele na nyuma, lina watazamaji walioketi na wachezaji walioteuliwa. Duara likafunguliwa, likawa safu. Mchezaji huteuliwa kwa wepesi wa kiuno na wingi wa pumzi. Na yule wa manyanga mwenye mkono mmoja, ambaye katika uwanja wa kijiji hapakuwa na haja ya kumteua, akawa mmoja wa watazamaji. Hapana aliyekusudia kumfukuza. Alipotea katika mpango tu, kama wapoteavyo wengi.

Mtu mmoja aliushinda mpango huo kwa namna ya ajabu. Morris Nyunyusa, mpiga ngoma asiyeona kutoka upande wa Lindi, alizipanga ngoma zaidi ya kumi zikamzunguka, akazipiga zote peke yake. Mwaka 1970 alikwenda Japani kuzipiga katika Maonyesho ya Dunia ya Osaka. Radio Tanzania Dar es Salaam ilichukua mlio wa ngoma zake ukawa ishara ya taarifa ya habari, na kwa miaka mingi mkulima mlimani na mvuvi pwani walinyamazisha watoto waliposikia mikono ya mtu ambaye wengi wao hawakumwona hata siku moja. Taifa zima lilingoja pigo la asiyeona ndipo lisikilize. Walakini yapasa kusemwa pia kwamba alipiga peke yake. Waliomzunguka walikuwa ngoma, si watu. Na sifa yake, kwa ukubwa wake wote, haikuwa ngazi ya kupandia kwa vijana wasioona waliokuja nyuma yake.

Nchi za mbali nazo zilipita njia hiyohiyo ya kujaribu na kukosea. Mwaka 1959 mtunzi wa Kimarekani Paul Nordoff alikutana na mwalimu Mwingereza Clive Robbins katika nyumba ya watoto wenye ulemavu huko Uingereza. Nordoff hakuwafundisha watoto hao tuni za vitabuni. Aliketi kwenye piano, akasikiliza kilio cha mtoto au pigo lake la ngoma lisilo na mpango, akalifuata, mpaka mtoto akatambua kwamba anajibiwa. Mwenye kuijua ngoma ya Kiafrika hatashangazwa na ugunduzi huo, kwa maana kuita na kuitika ndiyo mifupa ya nyimbo zake. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtoto ndiye aliyeita, na mwenye elimu ndiye aliyeitika.

Mfano ulio karibu zaidi watoka Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Kuanzia katikati ya mwongo wa kwanza wa karne hii watu wenye ualbino katika nchi za ziwa waliwindwa na kuuawa kwa ushirikina, na waliobaki waliishi kwa hofu na upweke. Mwaka 2016 mtayarishaji wa muziki Ian Brennan alifika kisiwani na kukaa na kundi la wenye ualbino, ambao wengi wao hawakuzoea kuimba mbele ya watu. Walitunga nyimbo zao wenyewe juu ya maisha yao, na mwaka 2017 zikatolewa katika santuri ya kundi la Tanzania Albinism Collective. Muziki haukuziba vidonda vyao, wala haukuwalinda na panga. Uliwapa jambo ambalo mahakama na polisi hawawezi kulitoa: kusikiwa wakisema habari zao kwa midomo yao, wakiwa wengi pamoja.

Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2006; Tanzania ikauridhia mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Kifungu cha 30 cha mkataba huo chataka vipaji vyao vikuzwe si kwa faida yao tu, bali kwa kuitajirisha jamii nzima, na katika maneno mengi ya mkataba hayo ndiyo yaliyo karibu zaidi na desturi ya ngoma.

Katika mahali kama Kinole kifungu hicho huanza kwa mambo madogo. Uwanja huchaguliwa pale barabara inapokomea, si pale panapopendeza. Siku huwekwa kiangazi, njia zikiwa kavu, ili wabebaji wasianguke na wanayembeba. Ngoma ndogo hupelekwa juu kabla ya siku ile, ajifunze pigo lake kibarazani. Na kwa kuwa unyevu wa mlimani hulegeza ngozi, kabla ya kuanza hapana budi ngoma zote zioteshwe moto mpaka ziwambe. Kazi hiyo ni ya subira na sikio jema, na hufanywa kwa kuketi.