Barua kwa Darasa la Mbali

Mwanafunzi wa Bondeni, katika mji wa Nakuru, akiagizwa na mwalimu wake kuandika barua kwa darasa lililo ng'ambo ya bahari, hana budi kujiuliza kwanza aanze wapi. Aanze na Ziwa Nakuru na wale ndege heroe waliolipatia sifa duniani? Aanze na Menengai, mlima uliobomoka kileleni ukaacha shimo kubwa? Au aanze na mtaa wenyewe, na adhana ya alfajiri, na Kiswahili cha watoto ambao mama zao nyumbani husema Kikikuyu, Kiluo, Kigusii au Kikalenjin? Nimepata kusoma barua za namna hii, na nyingi huanza na heroe.

Heroe ni ndege mzuri, wala sina ugomvi naye. Lakini msomaji wa mbali amekwisha kumwona katika picha, na barua isiyomwambia mtu ila alijualo imesafiri bure. Zamani vijana wa nchi zetu walipoandika habari za kwao kwa watu wa mbali, jambo hili la kuchagua la kusema halikuwa zoezi la darasani tu. Wengine walikuwa wameponea chupuchupu ndipo wakapata kushika kalamu.

Tuanzie Unguja. Mwaka 1864 wamisionari wa Kiingereza, chini ya Askofu Tozer, walifika kisiwani humo, na baadaye wakaanzisha shule ya wavulana mahali paitwapo Kiungani, pwani nje kidogo ya mji. Wengi wa wanafunzi wake wa kwanza hawakupelekwa huko na wazazi. Walikuwa watoto waliotekwa bara, wakatembezwa hata pwani, wakauzwa mkono kwa mkono, wakapakiwa katika majahazi. Kisha manowari za Kiingereza zilizokuwa zikivizia baharini zikayakamata majahazi hayo na kuwatoa. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa. Hata hivyo biashara yenyewe iliendelea kwa siri miaka mingi, na shule ikaendelea kupokea watoto.

Fikiri darasa hilo. Huyu Myao, yule ametoka pande za Ziwa Nyasa, mwingine hajui hasa kijiji chao kiko upande gani wa dunia. Walipatana kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi wao kilikuwa lugha ya ugenini. Ndipo mwalimu A. C. Madan, yeye aliyekuja kutunga kamusi za Kiswahili zilizotumika muda mrefu, akawataka waandike kila mmoja habari za maisha yake na za kwao. Alizitafsiri kwa Kiingereza, na mwaka 1887 zikachapwa London katika kitabu kilichopewa jina la shule, Kiungani.

Wasomaji wa Uingereza walitaka kujua habari za utumwa, na vijana waliwapa: kutekwa, njia ndefu, giza la jahazi. Hata hivyo mtu hawezi kueleza alivyotolewa kwao asieleze kwanza kwao kulivyokuwa. Kwa hiyo katika habari zile mna pia nyumba, mashamba na jamaa, mambo ambayo pengine hakuna aliyewauliza. Lakini kitabu kilitoka kwa Kiingereza, bila Kiswahili chao, na jina lililo mbele ni la Madan. Wao wanatajwa kwa jumla tu kuwa ni wavulana wa shule. Walisema, wakasikiwa, na majina yao yakabaki nyuma.

Mwingine, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, alikwenda mwenyewe mpaka ndani ya darasa la mbali. Mwaka 1900 alifika Berlin kuwafundisha Kiswahili Wajerumani waliokuwa wakijiandaa kuja Afrika ya Mashariki. Sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ni maandishi yake, na safari hii Kiswahili kilichapwa kama kilivyo. Kwa bahati mbaya wanafunzi wake wengine hawakuona sawa kufundishwa na mtu mweusi. Wakamvunjia heshima, naye mwishowe akaacha kazi ile. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani pamoja na mkewe wa Kijerumani, lakini serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kushuka pamoja Dar es Salaam. Wakarudi Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Aliwaeleza Wajerumani jinsi Waswahili wanavyooana, wanavyozika na wanavyomkaribisha mgeni. Hili la mwisho wao hawakujifunza.

Wakati Mtoro yuko Berlin, Bonde la Ufa nalo lilianza kuelezwa Ulaya, ila si na wenyeji wake. Reli iliyotoka Mombasa ilipita Nakuru na kufika Kisumu mwezi wa Desemba 1901. Mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji, na mwaka huo huo, kwa mapatano yaliyofanywa na serikali ya Kiingereza, Wamasai waliokuwa wakichunga kati ya Naivasha na Nakuru waliondolewa wakapelekwa Laikipia. Kisha walowezi wakaandika kwao kwamba wamepata nchi ya baridi, yenye rutuba na iliyo tupu. Kweli ilikuwa tupu kwa macho ya aliyefika jana, asiulize nani alitolewa juzi. Muda wa miaka hamsini hivi mtu wa London aliyetaka kuijua Nakuru aliijua kwa barua na vitabu vya wenye mashamba. Wale waliokamua ng'ombe na kuvuna pareto katika mashamba hayo hawakuwa na ukurasa.

Mmoja wa watoto wa wafanyakazi hao alikuwa Wangari Maathai. Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na yapata mwaka 1943 jamaa yake wakahamia shamba la mlowezi karibu na Nakuru, ambako baba yake alipata kazi. Shambani hapakuwa na shule kwa watoto wa wafanyakazi. Kaka zake walikuwa wakisoma Ihithe, basi mwishoni mwa mwaka 1947 mama yake akarudi huko pamoja naye, na huko ndiko alikoanza masomo. Alimaliza Loreto, Limuru, mwaka 1959.

Mwezi wa Septemba wa mwaka huo ndege iliyobeba wanafunzi 81 wa Afrika ya Mashariki ilitua New York. Mipango ilikuwa ya Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani, na hata kufikia mwaka 1963 vijana karibu 800 walikwisha kwenda. Wangari alisafiri mwaka 1960, akaingia chuo cha Mount St. Scholastica, katika mji mdogo wa Atchison, Kansas. Wamarekani wengi wa siku zile walikuwa na habari mbili tu za Kenya: wanyama na Mau Mau. Riwaya ya Robert Ruark, Something of Value, iliyotoka mwaka 1955 na kufanywa filamu mwaka 1957, ilikuwa imekwisha kuwaeleza kisa chote kwa upande mmoja. Kwa hiyo kijana aliyealikwa kuzungumza kanisani au shuleni huko hakuanza na ubao mtupu. Ilimpasa kwanza kufuta yaliyoandikwa. Naye pia alikuwa na ya kufutiwa. Wakiwa njiani kwenda Kansas, katika jimbo la Indiana, Wangari na wenzake waliingia mkahawani, wakaambiwa wasinywe soda zao humo ndani kwa kuwa ni weusi. Hawakuwa wamefundishwa hilo katika habari za Marekani.

Mwaka 2006, akiwa amekwisha kupata Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, alitoa kitabu cha maisha yake, Unbowed. Humo shamba lile la karibu na Nakuru limeelezwa, safari hii na binti wa mfanyakazi.

Si mbali sana na hapo, katika kijiji cha Pwani upande wa Njoro, iko shule ya kutwa ya Keriko. Tarehe 24 Machi 2019 mwalimu wake wa sayansi, Bruda Peter Tabichi, alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Magazeti ya dunia yaliandika kwamba shule ilikuwa na kompyuta moja, na kwamba wanafunzi wengi ni maskini na wengine yatima. Yote ni kweli. Lakini mwaka uliotangulia wanafunzi wa Keriko walikuwa wamepeleka katika maonyesho ya sayansi ya Kenya chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, na kikundi cha shule kikapata nafasi ya kwenda kwenye maonyesho ya kimataifa huko Arizona. Mbele ya meza ya maonyesho mtu haulizwi kwao kuna kompyuta ngapi. Huulizwa chombo chake kinafanyaje kazi.

Sasa niirudie ile barua ya Bondeni. Miongoni mwa nilizosoma, mojawapo ilianza na ziwa, lakini haikuwasifu heroe. Ilisema kwamba tangu mwaka 2010 hivi maji yamekuwa yakipanda, hata lango kuu la hifadhi likazama na watu wa Mwariki wakahama nyumba zao. Na kwa kuwa maji ya mvua yamepunguza magadi, chakula cha heroe kimepungua, nao wengi wamehamia kwingine, kama Bogoria. Mwishoni mwandishi aliwauliza wenzake wa mbali kama kwao pia kuna ziwa linalopanda, na kama lipo, nani hulipima, na kwa kipimo gani. Aliacha nafasi ya mistari minne chini ya swali hilo, wapate kujibu juu ya karatasi ile ile.