Samadi mashambani: mambo ambayo kaya jirani zinapaswa kuyafahamu

Kabla ya masika kuanza mwezi Machi katika mikoa ya kaskazini, na kabla ya mvua za Novemba na Desemba katika Nyanda za Juu Kusini, mikokoteni ya samadi huelekea mashambani. Kwa kaya zinazopakana na mashamba hayo, kipindi hicho huja na harufu kali, nzi na wasiwasi juu ya maji ya kisima.

Harufu inayochoma pua hutokana zaidi na amonia, gesi inayobeba nitrojeni ya mbolea. Sehemu kubwa ya gesi hiyo hupotea ndani ya saa 24 baada ya samadi kutandazwa, hasa penye jua na upepo. Hivyo kinachomkera jirani ndicho mkulima anachopoteza. Samadi ikifukiwa siku ile ile kwa jembe au plau, harufu hupungua na rutuba hubaki ardhini. Hoja hiyo humwingia mkulima kuliko lalamiko lolote.

Katika eneo la wazi harufu hiyo kwa kawaida ni kero ya muda, ingawa wagonjwa wa pumu wanashauriwa kukaa mbali na shamba wakati samadi inapotandazwa. Nzi husababishwa zaidi na lundo lililoachwa bila kufunikwa, kwani katika joto yai la nzi huweza kufikia ukubwani kwa takriban siku 7 hadi 10.

Maji yanahitaji tahadhari kubwa zaidi. Mvua kubwa ikinyesha juu ya samadi mbichi, vimelea vya kuhara huweza kusombwa hadi kwenye visima vifupi na chemchemi. Kuchemsha maji huua vimelea hivyo, lakini hakuondoi nitrati, ambayo hutokana na nitrojeni ya mbolea na huzama taratibu ardhini. Maji yanapopungua kwa mvuke, kiwango chake huongezeka. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 za nitrati kwa lita moja, kwa kuzingatia hasa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo, ambao damu yao huweza kushindwa kusafirisha oksijeni ipasavyo. Mwenye kisima kilicho bondeni mwa shamba anashauriwa kujengea mdomo wa kisima, kuchimba mfereji wa kugeuza maji ya juu, na kuomba maji yapimwe kupitia ofisi ya RUWASA ya wilaya.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka fukwe, kingo za mito na mabwawa. Kisima cha uani hakitajwi humo. Umbali wake na lundo hubaki kuwa jambo la kukubaliana, na ni vyema likazungumzwa kabla samadi haijashushwa.

Pasipopatikana maelewano, mwananchi aanzie kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, akieleza tarehe, mahali lilipo lundo na mwelekeo wa maji. Afisa afya wa kata hushughulikia nzi na uchafuzi; afisa ugani humwelekeza mkulima namna ya kuivisha samadi iwe mboji, ambayo haina harufu kali.