Miaka Mia ya Dayosisi ya Masasi: Nani Alijenga Maelewano?

Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi ilimegwa kutoka Zanzibar mwaka 1926, na askofu wake wa kwanza, Vincent Lucas, ndiye anayetajwa kila inaposimuliwa jinsi Ukristo ulivyopatana na mila za kusini. Sifa hiyo anastahili nusu tu. Alipofika, mazungumzo yalikwisha kuanza, na walioyaanza walikuwa Waafrika. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, aliondoka Zanzibar na kundi la waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa; safari ikaishia Masasi. Kijiji chao kilikuwa kisiwa cha wageni kati ya wenyeji, na Wamagwangwara, yaani Wangoni, walipokivamia mwaka 1882 udhaifu wake ulionekana. Kuanzia hapo misheni iliegemea zaidi kwa wakuu wa nchi: Matola kule Newala, Nakaam kule Chitangali. Chitangali alipelekwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni na kusomea Kiungani, shule ya misheni kule Zanzibar, aliyepewa upadri mwaka 1890. Wazungu wengi walipita Masasi kama wasafiri. Majaliwa alikaa na Nakaam wakazungumza lugha moja.

Jando ndilo linaloonyesha mchango huo wa Waafrika vizuri zaidi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Kanisa lilianza kuendesha jando la Kikristo: vijana waliendelea kutengwa kumbini, ngariba akabaki na kazi yake, ila maombi kwa mizimu yakapisha sala na nyimbo za matusi zikaachwa. Mtu atasema, bila idhini ya Lucas, aliyekuwa Masasi hata kabla ya uaskofu wake, lisingefanyika. Kweli, lakini idhini haimfundishi mtu lini moto uwashwe, nani aingie kumbini na maneno gani mvulana asiyasikie kwa mama yake. Hayo waliyajua mapadri na walimu waliotahiriwa wenyewe, ambao wana wao walikuwa wakichekwa na wenzao kama watoto wasiokua. Wapo pia wanaodai kwamba Kanisa liliiteka mila na kuipaka rangi tu. Dai hili ni zito zaidi, maana aliyesimama na msalaba kumbini alikuwa pia na shule na zahanati, na mzazi hakuwa huru kabisa kuchagua. Hata hivyo linawafanya wazazi Wakristo wa Kiyao, Kimakua na Kimakonde waonekane wametendewa tu, ilhali wao ndio waliokataa kuchagua kati ya ubatizo na utu uzima wa wana wao. Ushahidi mwingine kwamba uamuzi ulikuwa kwa wenyeji uko kwa wasichana. Kanisa lilijaribu kuyageuza malango, yaani unyago wa wasichana, vilevile, lakini hayakushika kama jando: mapadri, wawe weusi au weupe, walikuwa wanaume, na mafundisho hayo yalikuwa mikononi mwa akina mama wazee, ambao hawakuwa na haja ya kuyatoa.