Chuma kilichofichwa ndani ya shingo ya gitaa

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, na sababu si kazi wala umeme kupotea. Sababu ni gitaa.

Mjomba wangu wa Kakamega alipoaga dunia aliacha gitaa lake la nyuzi za chuma likining'inia kwenye msumari sebuleni. Alilipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, mtindo ambao vijana wengi wa wakati wake waliupenda baada ya kumsikia Mwenda Jean Bosco wa Kongo. Mama alinikabidhi akasema, "Wewe si ndiye mtu wa mashine? Lifanye liimbe tena." Kumbe shingo ilikuwa imepinda kama upinde. Pale shingo inapokutana na mwili, ungeweza kupitisha kalamu chini ya nyuzi.

Nikalipeleka kwa fundi mmoja hapa Nairobi. Akafumba jicho moja, akaitazama shingo kwa urefu kama mtu anayelenga bunduki, akasema: "Hili halina chuma ndani. Lingekuwa nacho ningegeuza nati, ukaenda zako." Kisha akaniuliza, "Unataka gitaa la kupigwa au la ukumbusho? Maana kulitia chuma sasa ni kulipasua."

Nikaomba muda nifikirie. Nikaanza kusoma historia ya hicho chuma, na ndiyo ninayowaletea leo.

Kwa nini shingo hupinda?

Nyuzi sita za chuma za gitaa la kawaida, zikikazwa hadi sauti yake sahihi, huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 kwa jumla. Ni kana kwamba mtu mzima ananing'inia kwenye kichwa cha gitaa usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Mbao haikubali kwa siku moja; hukubali polepole. Ongeza unyevu wa masika na ukavu wa kiangazi, na umepata upinde.

Zamani tatizo hili halikuwa kubwa hivyo. Magitaa ya karne ya 19 yalifungwa zaidi nyuzi za utumbo wa mnyama, ambazo huvuta kidogo. Hata leo magitaa mengi ya klasiki yenye nyuzi za nailoni hayana chuma cha kurekebisha, kwa kuwa mvuto wake ni karibu nusu ya ule wa nyuzi za chuma.

Mambo yalibadilika mwanzoni mwa karne ya 20. Maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915 yaliwatia Wamarekani wazimu wa muziki wa Hawaii, uliopigwa kwa nyuzi za chuma. Watu walitaka sauti kubwa, nyuzi za chuma zikawapa, na mzigo ukaangukia shingo. Jibu la watengenezaji wengi lilikuwa kuifanya shingo iwe nene, au kuigandisha ndani yake kipande cha mbao ngumu kama eboni.

Fundi wa Kalamazoo

Mwaka 1921 Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kiwanda cha Gibson mjini Kalamazoo, jimbo la Michigan, aliomba hataza ya wazo tofauti. Alipewa mwaka 1923. Wazo lenyewe ni hili: chimba mfereji ndani ya shingo, chini ya ubao wa vidole. Laza humo ufito wa chuma. Ncha moja izuiwe isizunguke, ya pili itiwe skrubu na nati. Kaza nati, na ufito unaisukuma shingo kinyume na mvuto wa nyuzi. Ilegeze, na nyuzi zinairudisha mbele.

Katika aina iliyotumika sana kwa miaka mingi, mfereji huchimbwa ukiwa umepinda: katikati una kina zaidi kuliko kwenye ncha. Chuma kilichopinda kikivutwa hutaka kunyooka, na kikinyooka huinua katikati ya shingo. Mafundi hukiita trasi rodi, yaani ufito wa kenchi, kama zile kenchi zinazoshikilia paa la nyumba.

Sisi waandishi wa programu tunalijua tatizo alilolitatua McHugh. Kabla yake, mtengenezaji alikadiria shingo iwe ngumu kiasi gani, kisha akalichonga kadirio lake ndani ya mbao. Ni sawa na kuandika namba moja kwa moja katikati ya programu. Siku mteja anapohamia mazingira mengine, programu inakwama, na hakuna wa kuifungua ila aliyeiandika. McHugh aliitoa ile namba ndani ya mbao akaiweka kwenye faili la mipangilio, mahali ambapo mwenye gitaa anaweza kuifikia kwa spana. Tena McHugh huyo huyo ndiye anayetajwa kubuni daraja la Gibson linalopandishwa na kushushwa kwa skrubu. Naona alikuwa mtu asiyeamini kwamba toleo la kwanza ndilo la mwisho.

Gibson walifaidika kwa namna nyingine pia: shingo ingeweza kuwa nyembamba na bado isimamie nyuzi za chuma. Gitaa lao maarufu la L-5 la mwaka 1922 lilikuja na ufito huo. Hataza za Marekani wakati huo zilidumu miaka 17, hivyo wazo lilikuwa mali yao hadi 1940.

Waliokataa

Kampuni ya Martin, iliyoanza mwaka 1833, ilishika njia yake. Mwaka 1934 ilianza kuweka chuma chenye umbo la herufi T ndani ya shingo, chuma kisichorekebishwa na mtu yeyote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chuma kilipoadimika, walirudi kwenye eboni. Mwaka 1967 wakahamia bomba la mraba. Ufito wa kurekebishwa waliukubali mwaka 1985, miaka 62 baada ya hataza ya McHugh. Shingo zao nyingi zilisimama imara, lakini iliyopinda ilihitaji fundi ang'oe freti na kupigilia nyingine zenye mizizi minene zaidi, ili zibane ubao na kuusukuma nyuma. Hiyo si kazi ya robo saa.

Leo Fender naye, kule Fullerton, California, aliamini mbao ya mepo ni ngumu vya kutosha. Magitaa yake ya kwanza ya Esquire ya mwaka 1950 yalitoka bila ufito. Don Randall, aliyesimamia mauzo, alisisitiza uwekwe, na kabla mwaka haujaisha ukawekwa. Kwa kuwa shingo ya Fender ilikuwa kipande kimoja bila ubao wa vidole wa kubandikwa, mfereji ulichimbwa kutoka nyuma, ukazibwa kwa ukanda wa mbao ya walnati. Ule mstari mweusi mnaouona nyuma ya shingo nyingi za Fender si pambo. Ni kovu la upasuaji huo.

Kurudi kwa mjomba

Baada ya kusoma hayo nilimpigia fundi simu. Nikamwambia, la kupigwa.

Aliupasha ubao wa vidole moto kwa pasi ya nguo hadi gundi ikalainika, akapenyeza kisu chembamba taratibu, freti baada ya freti. Kazi hiyo peke yake ilichukua alasiri nzima. Akachimba mfereji ulionyooka wa upana wa milimita 6, kwa sababu ufito niliouagiza ni wa aina ya kisasa, vyuma viwili pamoja, unaoweza kusukuma shingo pande zote mbili. Akaulaza bila gundi kuugusa, maana gundi ikiingia kwenye skrubu kazi yote imeharibika. Akabandika ubao, akaubana kwa jiliwa hadi kesho yake.

Ikiwa gitaa lako lina nati hiyo, geuza robo mzunguko tu kwa mara moja, piga tena sauti, kisha tazama. Ikikataa, usilazimishe, nati ikivunjika ndani, utarudi kwenye pasi na kisu.

Gitaa la mjomba sasa lina alama ya kuungua upande mmoja wa ubao, karibu na freti ya saba. Nililipeleka kwa Mama Jumapili iliyopita. Aliipapasa ile alama kwa kidole, akanyamaza kidogo, halafu akaniambia niache kueleza mambo ya nati, nipige.